MAONI YETU: TUSITIE SAHIHI KARATASI YA PILI KWA HARAKA



Katika miezi hii wenzetu kadhaa wamefika kwa katibu wa tawi na karatasi mkononi, nao wauliza swali moja. Wamekubaliwa mkopo na SACCO, motokaa wameichagua, bei wameiafiki, na pale walipodhani biashara imekwisha, muuzaji akatoa karatasi ya pili. Juu yake pameandikwa dhamana ya nyongeza, miaka miwili zaidi ya ile ya kiwanda. Chini yake vitu vingine vyafuatana kama mabehewa: dawa ya kuzuia kutu, nta ya kulinda rangi, namba za kuchorwa katika vioo, mtambo wa kuonyesha motokaa ilipo, bima ya kulipa deni ukifa, sevisi za miaka mitatu zilizolipiwa mapema. Nao wauliza: je, nitie sahihi au nisitie?

Jibu la gazeti hili ni kwamba usitie siku hiyo. Na kwa walio wengi, dhamana ya nyongeza usiinunue kabisa. Sababu tutazieleza, kwa maana mtu mzima hakatazwi kama mtoto. Huelezwa, kisha akaamua mwenyewe.

Najua wako watakaosema kwamba Mhariri amepotea njia. Mfanyakazi wa reli na motokaa mpya, wapi na wapi? Atuandikie habari za mishahara! Ndugu, hizi ni habari za mishahara. Ni kweli kwamba wengi wetu tukinunua motokaa hununua iliyokwisha kutumika Japani, ile ambayo kwa kanuni za Kenya haipaswi kupita umri wa miaka 8 inapoingia nchini. Lakini wako wanaoungana watatu wanne wakanunua pikapu mpya ya kuchukua mizigo ya sokoni, na wako wazee wetu wanaokaribia kustaafu ambao wataka chombo kisichowasumbua. Tena karatasi hiyo ya pili haikai kwenye motokaa peke yake. Yafuata pikipiki, friji, televisheni, hata simu. Ukiijua penye fedha nyingi, utaitambua popote uikutapo.

Kwanza tujue tulicho nacho tayari, kwa kuwa ni vigumu kumuuzia maji mtu ajuaye kwamba ana kisima. Motokaa mpya huja na dhamana ya kiwanda. Kampuni nyingi hutoa miaka 3 au kilomita 100,000, na lolote litakalotangulia kutimia ndio mwisho wake. Dhamana hiyo si zawadi, imo ndani ya bei. Zaidi ya hiyo iko sheria ya nchi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 31, ambayo ilianza kutumika Kenya mwaka 1931, yamtaka mwenye kuuza kitu katika biashara yake auze kitu kinachofaa kwa kazi yake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yasema kwamba mnunuzi ana haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari za kutosha juu yake, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Kisha ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, ambayo yaeleza haki hizo kwa urefu. Kwa hiyo, muuzaji akikuambia kwamba bila karatasi yake ya pili utabaki huna kinga yoyote, hasemi kweli. Kinga unayo, nawe umekwisha kuilipia.

Sasa tuingie kwenye kiini cha jambo, na hapa sisi watu wa karakana tuna la kusema kuliko mwenye tai anayekaa nyuma ya meza.

Sisi twajua jinsi chuma kinavyoharibika. Behewa likitoka karakana baada ya kutengenezwa, safari zake za kwanza hutazamwa sana, kwa kuwa kama fundi alikosea kukaza, au beringi ilikuja na kasoro yake kutoka kiwandani, itashika moto mapema. Likipita hapo salama hutembea muda mrefu bila kelele. Halafu huja siku za uzee, ambapo kila kitu hulegea kwa pamoja. Wahandisi wana mchoro wa jambo hili, nao wauita beseni la kuogea, kwa sababu umbo lake ni hilo: ukingo wa juu upande wa kushoto ambapo vitu vipya huharibika, chini tambarare katikati, na ukingo mwingine upande wa kulia ambapo vikongwe huharibika. Motokaa hufuata njia hiyo hiyo. Kasoro za kiwandani hujitokeza mapema, na hizo ni mzigo wa dhamana ya kiwanda. Uchakavu mkubwa huja motokaa imekwisha kula miaka mingi na kilomita nyingi. Dhamana ya nyongeza hufanya kazi wapi? Katika mwaka wa nne na wa tano, yaani chini kabisa ya beseni, mahali ambapo motokaa iliyotunzwa huwa haina habari. Kabla ya kupanda ukingo wa kulia, karatasi imekwisha muda wake. Aliyepanga miaka hiyo anajua kuhesabu.

Tena hata katika miaka hiyo, soma kilichoachwa nje. Kurasa za mbele zina maandishi makubwa na picha ya jamaa wanacheka ndani ya motokaa. Vitu visivyolipwa viko kurasa za nyuma kwa herufi ndogo. Karibu kila dhamana ya namna hii huacha breki, klachi, matairi, betri, balbu, mipira ya waipa, bushi, na chochote kitakachoitwa uchakavu wa kawaida. Huacha pia hasara iliyotokana na ajali, na maji, na mafuta mabaya. Ukivitoa hivyo vyote, fikiri ni nini kimebaki. Imebaki injini, giaboksi, na umeme wa ndani. Ni vitu vikubwa, sikatai. Lakini ndivyo vitu ambavyo katika motokaa mpya iliyobadilishwa oili kwa wakati huharibika mara chache kabisa kabla ya mwaka wa sita. Kile kitakachokusumbua barabarani Kenya, penye matuta na mashimo, ni shokabu na bushi, navyo vimeachwa nje.

Mwenzetu mmoja, fundi wa idara ya ishara, alilipia dhamana ya nyongeza alipochukua motokaa yake. Mwaka wa tano giaboksi ikaanza kugugumia. Akaenda na kitabu chake, tena akaenda kwa furaha, akisema moyoni kwamba leo fedha zangu zitanirudia. Kijana wa dirishani akafungua kurasa za sevisi akahesabu. Sevisi ya kilomita 60,000 ilikuwa imefanywa motokaa ikiwa na kilomita 61,900. Mkataba wataka isichelewe zaidi ya kilomita 1,000. Akaambiwa kwamba dhamana ilikufa siku ile. Mwenzetu akauliza kama ni kule kuchelewa kulikoua giaboksi. Akajibiwa kwamba hilo silo swali lililo katika mkataba. Alikuwa amechelewa kwa sababu alitumwa kazini mbali na nyumbani kwa wiki sita, na kila mtu wa reli anajua kwamba anayetumwa hachagui siku ya kurudi. Giaboksi alilipa mwenyewe. Kampuni hatuitaji hapa, wala si hiyo peke yake yenye masharti ya namna hii. Tunachotaka mwone ni kwamba dhamana hizi zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayelala nyumbani kila siku na kuishi karibu na karakana ya kampuni. Sisi tunaoishi kwa zamu, na wengine huko Voi, Makindu na Malaba, masharti hayo yatunasa kuliko mtu wa mjini.

Twende kwenye hesabu. Nachukua mfano wangu mwenyewe, nanyi mtaweka tarakimu za karatasi yenu mahali pa zangu. Tuseme dhamana ya nyongeza ya miaka miwili yauzwa shilingi 120,000. Muuzaji hasemi 120,000. Husema, "Mzee, ni elfu tatu na kidogo tu kwa mwezi, chai ya ofisini." Na kweli, ukiitia ndani ya mkopo wa miaka minne wa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, utalipa karibu shilingi 3,160 kila mwezi. Sasa zidisha kwa miezi 48. Ni shilingi 151,680. Karatasi ya 120,000 imezaa riba ya 31,680. Na hiyo ni riba ya ushirika wetu wenyewe, ya huruma. Kwa mkopeshaji anayehesabu riba juu ya deni lote la kwanza mpaka mwisho, itapanda kuliko hapo.

Lakini tazama jambo jingine ndani ya hesabu hiyo, ambalo mimi naliona baya kuliko riba. Dhamana ya kiwanda ni ya miaka 3. Katika miezi hiyo 36 karatasi ya pili imelala usingizi, haina kazi ya kufanya, nawe unailipa kila mwezi. Siku itakapoamka utakuwa umekwisha kutoa shilingi 113,760. Motokaa ikiibwa mwaka wa pili, au ukaiuza mwaka wa tatu kwa sababu ya karo au ugonjwa, umelinda kitu ambacho hunacho tena. Katika mikataba mingine waweza kurudishiwa sehemu, katika mingine hakuna. Uliza kabla, tena jibu liwe kwa maandishi.

Sasa chukua shilingi hizo 3,160 uziweke kila mwezi katika akiba yako. Mwisho wa mwezi wa 48 una shilingi 151,680 hata bila kuhesabu faida, nazo ni zako. Bushi ikifa zitalipa bushi, kitu ambacho karatasi haingelipa. Kitu kisipoharibika, zitalipa karo. Hakuna atakayekufungulia kitabu kuhesabu kama ulichelewa kilomita 900.

Mtu ataniuliza, na ni swali zuri: je, kama giaboksi itakufa mwezi wa tano, kabla akiba haijajaa? Ndugu, mwezi wa tano una dhamana ya kiwanda. Ndio maana nasema miaka mitatu ya kwanza ni nafasi ya kuweka akiba, nayo umekwisha kuinunua katika bei ya motokaa.

Yafaa tuseme pia jambo ambalo muuzaji halijui kabisa, au analijua na halimhusu. Mkopo wa SACCO hausimami hewani. Umesimama juu ya akiba za wenzako waliokuwekea sahihi. Wako watano, sita, wa karakana moja nawe, na akiba zao zimefungwa mpaka deni lako lipungue. Ukishindwa kulipa, zinakatwa zao. Hao ndio wadhamini wa kweli katika habari hii yote, nao hawakulipwa hata senti. Sasa unapoambiwa uongeze 120,000 ya dhamana, na 45,000 ya nta na dawa ya kutu, na bima juu ya bima, unawaongezea mzigo wao pasipo kuwauliza. Walikubali kudhamini motokaa. Hawakukubali kudhamini nta.

Na mshahara wenyewe una mpaka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Chama kilipigania mambo ya namna hii ili mtu asirudi nyumbani mikono mitupu. Lakini tunaona wenzetu wakikimbilia mpaka huo kana kwamba ni shabaha ya kupigwa. Anayekatwa mpaka ukingoni, mtoto akiugua, huenda kwa mkopeshaji wa simu usiku huo huo, na riba ya huko si mambo ya kuandika katika gazeti la watu wazima.

Tuulize vilevile: ni nani asimamaye nyuma ya karatasi? Wengi hudhani ni kiwanda kilichotengeneza motokaa. Mara nyingine ndivyo. Mara nyingine ni muuzaji mwenyewe, na siku akifunga duka karatasi imefungwa pamoja nalo. Mara nyingine ni kampuni ya tatu ambayo jina lake limo katika mstari mmoja tu ukurasa wa mwisho. Kama ni bima, basi kampuni hiyo lazima iwe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na mtu anaweza kuulizia huko. Wala leseni si mwisho wa hofu. Wenye matatu wanakumbuka United Insurance iliyowekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Watu walikuwa na karatasi zenye mihuri mizuri. Ahadi ya kulipwa mwaka wa tano yataka mwahidi awepo mwaka wa tano.

Kiwanda chenye imani na kazi yake chaweza kuonyesha imani hiyo pasipo kukuuzia. Mwaka 1998 Hyundai ya Korea Kusini, ambayo motokaa zake zilikuwa zimedharauliwa sana Marekani, ilitangaza huko dhamana ya miaka 10 au maili 100,000 juu ya injini na giaboksi kwa mwenye motokaa wa kwanza, nayo ikawa ndani ya bei. Watu wakarudi kununua. Kwa hiyo unapolinganisha motokaa mbili, linganisha dhamana zilizo ndani ya bei, kwa miaka na kwa kilomita. Hilo ni jambo la maana kuliko redio na viti vya ngozi.

Sasa yale mabehewa mengine. Sitakaa nayo sana, kwa kuwa mengi hayastahili.

Nta ya kulinda rangi ni nta. Fundi wa kuosha motokaa ataipaka kwa bei ya kuosha motokaa. Dawa ya kutu ina maana kidogo kwa mwenzetu wa Mombasa ambaye motokaa yake yalala karibu na chumvi ya bahari, lakini hata yeye aulize kwanza kama kiwanda chenyewe hakidhamini bodi dhidi ya kutu, kwa maana vingi hudhamini, tena kwa miaka mingi kuliko injini. Kuchora namba katika vioo ni jambo la busara Nairobi, sisemi sivyo, maana vioo vya pembeni huondoka mchana mweupe. Lakini vijana wa Kirinyaga Road huchora pale pale ukingoja, na bei yao haifanani na bei ya karatasi. Mtambo wa kuonyesha motokaa ilipo huenda mwenye mkopo au mwenye bima akaulazimisha. Basi uliza kama malipo ni ya mara moja au ya kila mwaka, kwa sababu wengi hushtuka mwaka wa pili.

Sevisi zilizolipiwa mapema zataka hesabu, si hasira. Uliza sevisi moja ni bei gani kwa fedha taslimu katika karakana hiyo hiyo, uzidishe. Ikiwa mpango una nafuu kweli, na karakana iko karibu nawe, hakuna ubaya. Na hapa niseme kwamba sevisi ya wakati ndiyo dhamana bora kuliko zote. Oili na filta hazidanganyi mtu. Mwanachama atakayechukua theluthi moja ya fedha za karatasi ya pili na kuzitia katika oili safi hatajuta. Ila katika miaka ya dhamana ya kiwanda usiende kwa fundi wa mtaani kabla ya kusoma kitabu. Huko Marekani sheria ya mwaka 1975 yakataza kampuni kumfunga mnunuzi atumie vifaa vyao peke yao ili dhamana isife. Sheria hiyo si yetu, na kampuni nyingi hapa hutaka muhuri wa karakana yao katika kila ukurasa. Uangalie muhuri uwekwe, na risiti uitunze.

Juu ya bima, tusichanganye mambo. Bima ya kuwalipa watu wengine unaowadhuru barabarani ni lazima kwa sheria, Sura 405, na bima kubwa ya kulipia motokaa yenyewe mwenye mkopo ataidai. Hizo si nyongeza. Lakini fahamu kwamba bima kubwa hulipa ajali, moto na wizi. Hailipi injini iliyokufa yenyewe. Juu yake kuna vipande vidogo vya kuongeza, na viwili kati ya hivyo mimi navitetea. Kimoja ni kile cha fujo za siasa na ugaidi. Bima nyingi za motokaa huacha hasara ya namna hiyo nje, na sisi tulioona mwaka 2007 na 2008 hatuhitaji kuelezwa motokaa iliyochomwa inafananaje. Cha pili ni kile kinacholipa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kwa kawaida mwenye motokaa hujilipia. Pata bei zake, uzilinganishe na mfuko wako. Hasara ya motokaa nzima huwezi kuiweka akiba kwa miezi sita, kwa hiyo hapo bima ni bima kweli. Giaboksi waweza.

Bima ya kulipa deni ukifa ndiyo inayonikasirisha. SACCO nyingi zimekwisha kukata kitu kwa ajili hiyo katika mkopo wenyewe, kwamba mwanachama akifa deni linafutwa na akiba wapewe warithi. Kisha mtu huyo huyo auziwa nyingine mezani kwa muuzaji! Anakufa mara ngapi? Uliza SACCO kwanza. Huko Uingereza benki ziliwauzia watu kwa miaka mingi bima ya kulipa mikopo, na wengi wao hawakuihitaji au masharti hayangewaruhusu kulipwa kamwe. Mambo yalipofumuka, benki zililazimika kurudisha. Mwisho wa kupokea madai ulikuwa tarehe 29 Agosti 2019, na fedha zilizorudishwa zimepita pauni bilioni 38. Hao ni watu wenye shule na wanasheria kila pembe. Basi asijione mjinga mwanachama wetu aliyeuziwa kwa ulimi mtamu.

Huko huko Uingereza walijifunza jambo moja ambalo sisi twaweza kulichukua bila kungoja Bunge. Tangu Septemba 2015 muuzaji wa motokaa hakuruhusiwa kumuuzia mtu siku hiyo hiyo ile bima inayolipa tofauti kati ya deni na thamani ya motokaa. Humpa maelezo, kisha lazima zipite siku mbili kamili. Siku mbili tu! Mtu arudi nyumbani, ale, aongee na mkewe au mumewe, asome herufi ndogo mchana. Muuzaji akisema bei hii ni ya leo peke yake, huyo amekuambia sababu ya kuondoka. Tena dhamana nyingi za nyongeza, hasa za viwanda vyenyewe, huuzwa wakati wowote kabla ya ile ya kwanza kwisha. Una miaka miwili na zaidi ya kufikiri, na wakati huo utakuwa umeijua motokaa yako kama ni tulivu au ni mgonjwa.

Je, hakuna mtu wa kununua dhamana ya nyongeza? Yuko. Kama motokaa ni ya kazi, mnaitegemea kwa chakula, na mmejaribu kuweka akiba mkashindwa kwa sababu kila shilingi ina mdomo unaoingoja. Kama dhamana ni ya kiwanda chenyewe, si ya kampuni isiyojulikana. Kama mmesoma vilivyoachwa nje na bado giaboksi, injini na betri kubwa ya umeme vimo. Na kama bei imeshushwa, kwa maana hushushwa, mkiikataa mara mbili mtaona. Hapo mimi sitawacheka. Mtakuwa mmenunua usingizi, na usingizi una bei yake. Ila lipieni kwa fedha taslimu, isiingie katika mkopo.

Halmashauri ya tawi imeonelea tuwaombe viongozi wa SACCO mambo mawili. Kwanza, cheki ya mkopo wa motokaa isitolewe mpaka mwanachama alete karatasi ya bei inayoonyesha motokaa peke yake katika mstari wake, na kila nyongeza katika mstari wake na bei yake. Pili, fomu ya wadhamini ionyeshe mistari hiyo hiyo, ili anayeweka sahihi ajue anadhamini nini. Mambo haya hayagharimu fedha. Yataka karatasi na wino.

Wakati tunangoja jibu, katibu wa tawi atakuwa ofisini kila Jumatano baada ya zamu ya mchana, pamoja na wenzetu wawili wa karakana wanaosoma mikataba bila haraka. Mwenye kununua alete kitabu cha dhamana chenyewe, si picha ya tangazo, na alete kabla ya kutia sahihi. Wale waliokwisha kutia sahihi pia waje, na wasicheleweshe, kwa kuwa mikataba mingine hutoa siku chache za kubatilisha, na siku hizo huhesabiwa tangu ile ya sahihi.

Mhariri